Baba Hakuzima

Baba yangu hajui kushindwa. Sisemi kwa kumsifu. Ni seremala hodari, mtaa mzima unamwita Mzee Pima kwa sababu hakati ubao kabla ya kuupima mara mbili, lakini mweke mbele ya mchezo wowote uone vituko. Enzi zake za drafti, kete zikianza kumwishia, kiwiko chake kilikuwa na tabia ya kuteleza na kupindua ubao, kisha anaomba radhi kwa sauti ya upole kama kweli vile. Na ni huyohuyo aliyetulea kwa kutukumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Aliyemjua vizuri kwa hilo ni mjomba, mdogo wake mama. Hao ni mashemeji wa utani tangu mimi sijazaliwa, wa kuitana wezi mbele ya wageni. Mjomba anaishi mji wa mbali, ni mpishi wa shule ya bweni, na kwa miaka mingi aliyewaunganisha alikuwa mama. Yeye ndiye aliyepiga simu, akaongea mpaka akatosheka, kisha akambandika baba simu sikioni amsalimie shemeji yake. Mama alipofariki, simu zikapungua. Wanaume wawili waliompenda mtu mmoja wakabaki hawana la kuambiana zaidi ya "tunashukuru Mungu."

Dawa ilipatikana kwa kaka yangu. Alipokwenda chuo aliacha mashine yake ya gemu chini ya televisheni, akamfundisha baba kucheza mpira wa humo, na mjomba naye akanunua ya kwake. Wakawa wanakutana kwenye intaneti, wanacheza huku wanaongea. Jioni baba anarudi kutoka karakana, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi, anaketi kwenye kiti alichokitengeneza kwa mikono yake, anaanza kumtukana shemeji yake kwa heshima zote. Mimi niko jikoni nasikia kicheko. Ilikuwa muda mrefu nyumba ile haijasikia kicheko, na sioni haya kusema kwamba mara ya kwanza nilisimama na mwiko mkononi nikalia.

Kisha mchezo ukaanza kukatika. Wala haukukatika ovyo. Ulikatika baba akiwa anafungwa. Akiongoza, mambo shwari. Mjomba akimpiga bao la pili au la tatu, picha inaganda, yanatokea maandishi kwamba mawasiliano yamepotea, na mechi inafutika. Mwanzoni mjomba alicheka, akasema kiwiko kimerudi kazini. Baba akaapa hakugusa kitu. Mjomba akamjibu kwamba lisemwalo lipo. Ubaya ni kwamba simu yangu ilikuwa kwenye intaneti ileile na haikukatika hata siku moja, kwa hiyo na mimi nikaanza kumtazama baba yangu kwa jicho la pembeni.

Jioni moja mambo yakaharibika kweli. Mjomba alikuwa anaongoza kwa mbali, na katikati ya mchezo akaacha utani. Akasema kuna jambo kuhusu siku ile mama alipokuwa hospitali, jambo ambalo hajapata kumwambia mtu. Hapohapo laini ikakata. Baba aliporudi mtandaoni, mjomba hakuwepo. Alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Alimtumia ujumbe, ukasomwa, ukaachwa hivyohivyo.

Mimi mjomba alinipokelea simu kesho yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilikuwa namwambia habari za dada yangu," alisema. "Akazima kwa ajili ya mabao. Mwambie abaki na mchezo wake, mpwa wangu. Mimi nimemaliza."

Nilipomfikishia baba maneno hayo, alitazama viganja vyake kwa muda.

"Sikuzima, mwanangu," alisema. Nikaona uso wake, nikamwamini. Lakini ni nani mwingine angemwamini mtu mwenye kiwiko kama kile?

Ndipo alipotangaza vita na ruta. Kile kisanduku cha intaneti, maskini, kilionja jeuri ya seremala. Kilihamishwa kutoka kona ya pili ya sebule hadi juu ya kabati, kikatengenezewa kibao chake ukutani, kikazimwa na kuwashwa mpaka kitufe kikalegea. Mimi nilikatazwa kutazama video. Jirani aliyekuwa akitumia intaneti yetu tangu msiba aliondolewa bila hata kuagwa. Mafundi wa kampuni walikuja, mmoja baada ya mwingine, wakakuta kila kitu kinafanya kazi, wakaondoka. Baba alikuwa anacheza na watu asiowajua ili kujaribu, na kila baada ya siku chache ilikatika tena. Sikuwahi kumwona akihangaika hivyo kwa ajili ya mpira, na hakuwa anahangaika kwa ajili ya mpira. Alitaka kusikia shemeji yake alikuwa anataka kusema nini.

Mtu aliyetusaidia nilimpata kazini kwangu. Mimi ni msusi, na kichwa kilichokuwa mikononi mwangu siku ile kilikuwa cha dada mmoja anayefunga mitandao maofisini. Nilimweleza kisa chote huku namsuka. Akauliza kama mashine ya gemu inatumia waya, nikamwambia ndiyo. Akauliza waya unapita wapi. Nikamwambia unapita chini ya zulia, kwa sababu mama hakupenda nyaya sebuleni, alikuwa akisema nyumba yake si kituo cha umeme, na baba ameendelea kuutii ule mwiko kana kwamba mwenyewe yuko chumbani anasikiliza. Dada yule akageuza kichwa, msuko ukanitoka mkononi. Kisha akasema atakuja Jumapili.

Alikuja mchana, akavua viatu mlangoni, akakagua ruta na kuiacha. Akaupima waya kwa kifaa chake kidogo, ukaonekana mzima. Baba alisimama pembeni na uso wa mtu aliyeliona hilo kabla. Fundi akamwomba aketi acheze kama siku zote. Baba akampata mpinzani dhaifu, akamfunga anavyotaka, na hakuna kilichokatika.

"Sasa baba," fundi akasema, "naomba ufungwe."

Baba aliniangalia kama anayeuliza nimemleta nani. Lakini akatafuta mpinzani mkali, na huyo hakuwa na huruma. Bao la kwanza baba alisonya. La pili, miguu ya mbele ya kiti ikainuka. La tatu akaegemea nyuma kabisa, nyayo zinaning'inia hewani, na picha ikaganda.

Fundi hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa amelala sakafuni, shavu karibu liguse zulia.

"Usishuke, baba, kaa hivyohivyo." Akakunjua ncha ya zulia. Mguu wa nyuma wa kiti ulikuwa umeukalia waya sawasawa, nao umebonyea kama mrija uliotafunwa. Akamwambia ashuke, taa ya ruta ikawaka. Akamwambia aegemee tena, ikazima. Kila alipofungwa alibembea, na alipobembea alijikata mwenyewe, kisha akishtuka na kurudi mbele aone kulikoni, waya unapona. Ndiyo maana mafundi hawakuona kitu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huyu ndiye mzee aliyetuvuta masikio utoto mzima kwa kubembea vitini, akituambia kiti kina miguu minne na mwenye miwili ni wewe. Alikataa kwanza. Akasema sakafu ina mteremko, akaenda kuleta pima maji ahakikishe. Ikaonyesha sakafu iko sawa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga. Akaiweka mezani taratibu, akakitazama kiti chake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Waya mpya ukapitishwa kando ya ukuta. Baba akauchongea kifuniko cha mbao, akakipima mara mbili, akakipaka rangi ya ukuta, na sebule ya mama ikabaki haina waya hata mmoja unaoonekana. Sasa likabaki gumu lenyewe, kumrudisha mjomba. Nilitaka kumtumia mjomba picha ya waya uliobonyea. Baba akakataa. Alisema mtu aliyemtilia shaka kwa mchezo hataamini picha, ataamini mchezo. Nikambembeleza mjomba kwa simu, mechi moja tu, kwa ajili yangu. Akakubali kwa shingo upande.

Siku hiyo baba aliifungua sauti itoke kwenye televisheni, nadhani alitaka nami niwepo. Mjomba alisalimu, hakusema lingine. Alicheza kwa uchungu. La kwanza likaingia mapema, la pili likafuata. La tatu lilipoingia niliiona miguu ya mbele ya kiti ikinyanyuka kidogo, na moyo wangu nao, kisha ikarudi chini polepole. Waya haukuwa tena chini yake, angeweza kubembea mpaka achoke. Hakubembea. Alifungwa la nne, akafungwa la tano, amekishika kiti kwa magoti, jasho linamtoka. Filimbi ikapulizwa. Matokeo yakaandikwa kwenye kioo, matano kwa sifuri, na yakabaki pale.

Kisha mjomba akasema, "Kumbe upo."

"Nipo, shemeji. Umenifunga tano na nipo." Baba akapangusa uso. "Siku ile ulikuwa unasema habari za dada yako. Sikusikia mwisho wake. Malizia."

Mjomba akamalizia, kwa kusitasita. Tulipompigia kwamba dada yake amezidiwa, alisema amalize zamu kwanza, watoto wa shule wale chakula, ndipo apande basi. Alipofika ilikuwa imekwisha. Tangu hapo kila akipakua chakula anajiuliza kama mama aliondoka akidhani hakuja kwa makusudi.

Baba alivuta pumzi.

"Alijua uko njiani," alisema. "Aliniambia nikuwekee chakula nyumbani. Alisema mpishi hana muda wa kula, mdogo wangu atafika na njaa. Nilikuwekea, shemeji. Ulipofika sikuwa na moyo wa kukupa, kikakaa mezani siku mbili, sikuweza kukimwaga."

Hilo hata mimi sikulijua. Nilikiona chakula kile, nikadhani baba amesahau kukitoa. Kule upande wa pili mjomba alilia waziwazi, na baba akamsubiri, hakugusa kitu, laini imetulia. Baadaye mjomba alipenga kamasi, akauliza kwa sauti nzito kama mwizi anataka marudiano au amekimbia.

Baba akakisogeza kiti mbele, miguu yote minne sakafuni, akamwambia aanzishe.