Muziki Usiofunika Sufuria

Jina la Mzee Povu hakupewa na mama yake. Alipewa na majirani, mwaka ule alipostaafu kiwanda cha mbao na kuanza kupika bia jikoni kwake, na kama yalivyo majina ya majirani, lilimganda mpaka fundi bomba na mwenye nyumba wakawa wanalitumia bila kucheka. Yeye mwenyewe halikumkera. Mtu aliyesimama mbele ya msumeno wa umeme tangu ujana hadi mvi, akila vumbi la mbao kutwa nzima, ana haki ya kuitwa kwa kitu laini uzeeni.

Tena bia yake ilikuwa bia, si mchezo wa mstaafu. Kimea cha shayiri kilichosagwa, maji ya moto, kuchuja, kisha kuyachemsha yale maji matamu kwenye sufuria kubwa pamoja na maua makavu machungu yanayoipa bia ukali wake. Halafu kupoza, hamira, ndoo yenye kifuniko, na subira. Hayo yote yamo vitabuni na mwenye jiko yeyote anaweza kuyafanya. Jambo moja tu lilikuwa lake mwenyewe, na hilo hakufundishwa na mtu: Mzee Povu alipika kwa masikio.

Maji ya kimea, kwa asiyeyajua, yana tabia mbaya kuliko maziwa. Yakikaribia kuchemka huguna na kutatarika, halafu ghafla hunyamaza. Ukimya huo si wa amani. Ni povu limejifunika juu na linajiandaa kupanda, na ukizubaa kidogo tu linamwagika, linazima moto na kuliacha jiko zima likinata. Wapishi wengine husimama juu ya sufuria wakikodoa macho kama polisi. Yeye aliipa mgongo, akaosha chupa zake kwenye sinki na kusikiliza. Sufuria ikinyamaza, aligeuka taratibu, akapunguza moto, akakoroga. Wageni walidhani ni uchawi, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Sasa, hakuna mtu anayeweza kuosha chupa asubuhi nzima bila muziki, labda awe kifungoni. Na hapo ndipo penye kazi, maana muziki wa kupikia bia hauchaguliwi ovyo. Kwaya haifai, kwa sababu wakianza kupaza wote kwa pamoja hata kengele ya mlango huisikii. Ngoma ni mbaya zaidi. Baada ya kujaribu mengi alikuwa ametulia kwenye nyimbo za zamani za dansi, zile ambazo gitaa moja linauliza na jingine halina haraka ya kujibu, na katikati panabaki nafasi ya kusikia sufuria inasemaje. Redio kaseti yake ilikaa juu ya friji, nayo hakuiongeza sauti kamwe.

Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka. Kisha muziki ukaharibika.

Ulianza kidogo kidogo. Gitaa likawa kama linapigwa chumba cha pili. Waimbaji, watu waliokuwa wakitamka kila neno kwa adabu, wakaanza kumung'unya. Na nyuma ya yote pakawa na mvumo mwembamba usiokoma, kama wa nyenze. Mzee Povu akaifungua redio, akapuliza vumbi, akaisafisha kwa pamba na spiriti, akairudisha. Mvumo ukabaki palepale. Mkwe wake, aliyemwoa binti yao, akamletea spika ya duara inayowaka taa za buluu, nyimbo zilezile zikiwa ndani. Mvumo ukaingia na kwenye spika.

"Siku hizi hata vipya vinatengenezwa vibovu," alimwambia mkewe.

Mkewe alisema kitu, au hakusema. Hilo nalo lilikuwa limeanza kumchanganya. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno. Aliuza vitambaa sokoni, na muuza vitambaa asiye na maneno hulala na njaa. Lakini mwaka huu alikuwa kama amekaukiwa. Zilipita jioni nzima pasipo neno, na alipozungumza alizungumza chini chini, akiangalia pembeni. Mzee Povu alijiambia kwamba amechokwa. Mume anayeshinda nyumbani kama kabati, ni nani asiyemchoka? Hakumwambia mtu, ila lilimuuma, na kila lilipomuuma alikwenda kuosha chupa.

Na sufuria nayo ikaanza kumgeuka. Ilimwagika mara ya kwanza, akasema bahati mbaya. Ikamwagika tena, akalaumu kimea. Mara iliyofuata povu lilizima moto na gesi ikaendelea kutoka. Mkewe aliporudi kutoka sokoni, harufu ilimpokea mlangoni. Akakimbia kufunga mtungi, akafungua madirisha yote, na kumkuta mumewe kwenye sinki, mgongo kwa jiko, akitikisa kichwa kwa gitaa.

Alimshika bega na kumgeuza.

"Unataka kutuua? Nimepiga kelele tangu mlangoni."

"Nilikuwa nasikiliza," akasema Mzee Povu, na kwa kweli alikuwa anasikiliza.

"Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa nisikilize mimi. Ikimwagika tena, hiyo sufuria inaondoka kwenye nyumba hii."

Alijua hatanii. Naye bila sufuria angekuwa nini? Jumamosi za kuonja bia ndizo zilizowaleta wenzake wa kiwandani, wazee wenye vidole pungufu na hadithi zilezile. Bila hizo angebaki na kiti, dirisha, na mke asiyesema naye. Akaona lazima apate muziki unaofaa, na aupate upesi, kabla hajapoteza yote.

Akaenda kwa kinyozi. Kinyozi wake alikuwa mtu wa kutoa ushauri kwa kila kichwa kilichokaa mbele yake, na kichwa kikiwa kimefungwa shuka shingoni hakina pa kukimbilia.

"Tatizo ni hizo nyimbo za mapenzi," kinyozi akasema kwa sauti yake ya kushindana na mashine. "Hamira ina uhai, mzee wangu. Ukiipigia nyimbo za kuachwa, inapandwa na hasira."

"Lakini wakati wa kuchemsha hamira bado haijatiwa."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Akapuliza shingo ya mteja wake. "Na zako, samahani, zimebaki za pembeni."

Hata hivyo alimwazima kaseti. Ni filimbi tupu, alisema, muziki wa kutuliza, hata mtoto anayeumwa tumbo analala. Mzee Povu akaiweka siku ileile, akakaa mbele ya redio. Kaseti ilikuwa inazunguka, aliiona kwa macho yake. Hakuna kilichotoka ila mvumo. Akaigeuza upande wa pili, kimya. Akairudisha kwa kinyozi kesho yake akiwa amenuna.

"Umenipa kaseti tupu, unanicheka."

Kinyozi akaitia kwenye redio yake palepale dukani. Wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walianza kutikisa miguu. Mmoja akafumba macho. Mzee Povu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba wamekula njama, watu wazima na ndevu zao, kumfanyia mzaha. Akatoka bila kuaga, na njiani hakujua kama amekasirika au ameogopa.

Alijaribu ngoma. Ngoma aliisikia vizuri, hata kifuani, lakini iliifunika sufuria kabisa, na ilibidi arukie jiko mara kwa mara na mikono ya sabuni. Alijaribu tarumbeta. Alijaribu vipindi vya mazungumzo redioni, na akagundua kwamba watangazaji nao wamejiunga na wale waimbaji katika kumung'unya. Mwisho akajaribu bila muziki wowote. Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka hasa, kwa sababu sufuria ilikuwa imenyamaza tangu alipoiweka motoni. Kila alipoipa mgongo, ilikuwa kimya. Kila alipogeuka, haikuwa imefanya kitu. Akageuka na kugeuka mpaka akavunja chupa, na mara ile aliiokoa bia kwa jicho, kwa bahati, huku jasho jembamba likimtoka. Maji ya kimea yasiyoguna! Alilinusa gunia la kimea, akaligonga kwa kidole, akaondoka bila jibu.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kiwandani wangemaliza chupa zilizobaki, na bia ya Jumamosi za mbele ilibidi ianze kukaa ndooni mapema. Lazima apike. Asubuhi ya kupika alikuta mkewe hakwenda sokoni. Alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni na nguo zilizofuliwa, akikunja zake na kuzipanga kwenye begi dogo.

"Unazipeleka kwa fundi cherehani?" akamuuliza.

Mkewe akajibu akiwa ameinamia begi. Mzee Povu akatikisa kichwa kukubali, kama wafanyavyo watu wasiotaka kuuliza mara ya pili. Akaweka sufuria motoni, akarudi kwenye magitaa yake ya zamani kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, akaipa mgongo na kufungua bomba.

Mvumo ulikuwepo. Leo ulikuwa mkali kuliko siku zote, umeumeza wimbo mzima, gitaa la kuuliza na gitaa la kujibu.

"Mama, izime hiyo redio," akamwambia mkewe. "Leo imezidi."

Akaosha chupa moja, akaipindua juu ya kitambaa. Mvumo uleule.

"Mama, nimesema izime. Inanichanganya."

Akaosha nyingine. Hakuna kilichobadilika, na uchungu wa mwaka mzima ukampanda: hata kubonyeza kitufe, mkewe hataki kumfanyia. Akageuka kusema hivyo. Mkewe alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, na mkononi alikuwa ameshika plagi ya redio, waya umening'inia.

"Nimeizima uliponiambia," mkewe akasema. "Nikakwambia nimeizima. Ukasema tena, nikaichomoa kabisa."

"Mbona inavuma?"

"Nini kinavuma?"

"Hiyo." Akaonyesha redio. Wote wawili wakaitazama, imekaa juu ya friji bila umeme, kama kopo tu. Mzee Povu akaziba masikio kwa vidole vyenye sabuni. Mvumo haukupungua. Ulikaa humo ndani, mahali pake, kama mwenye nyumba.

Mkewe akageuka ghafla kuelekea jiko, akapunguza moto na kushika mwiko. Povu lilikuwa limefika ukingoni. Likasita, likashuka.

"Umejuaje?" akauliza Mzee Povu.

"Imenyamaza."

Aliliona neno hilo mdomoni mwa mkewe zaidi ya kulisikia. Akavuta kiti, akakaa. Wale watu wa kwenye benchi kwa kinyozi hawakuwa na njama yoyote. Filimbi ilipigwa mwanzo hadi mwisho na kila mtu aliisikia. Msumeno wa kiwandani ulikuwa umechukua vidole vya wenzake, na yeye alikuwa amejisifu kwamba vyake vyote vipo.

"Sisikii," akasema. Aliogopa, na alilisema hilo pia: "Naogopa, Mama."

Mkewe akazima jiko kabisa. Akaja kukaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu muda mrefu akamwangalia usoni.

"Mimi nilijua unanidharau," alisema. "Naongea, wewe unaosha chupa. Nikaona basi, ninyamaze."

"Mimi nilijua umenichoka."

Walikaa hivyo, watu wawili wazima walioishi nyumba moja mwaka mzima kila mmoja akimnunia mwenzake. Ingekuwa hadithi ya watu wengine, wangeicheka.

"Ulikuwa unaniambia nini?"

"Mambo ya nyumbani tu. Goti langu. Bei za soko. Mwenye nyumba na bomba lake." Akasita, akalivuta begi dogo karibu yake, akashika zipu. "Na juzi, ulipoweka zile ngoma, nilikuuliza kama ni afadhali nikakae kwa dada yangu. Ukatikisa kichwa, ukasema sawa."

Mzee Povu alilitazama begi. Aliziona nguo za mkewe zilivyopangwa, gauni la kijani juu kabisa, viatu vimefungwa kwenye mfuko pembeni. Alijaribu kukumbuka ile siku na hakukumbuka chochote ila ngoma.

Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Niulize tena," akasema.

Mkewe akaiachia zipu. Kisha akaanza kuuliza, polepole, uso kwa uso, kila neno peke yake, na kabla hajafika kwenye neno dada, Mzee Povu alikuwa ameshajibu hapana.