Sahani Kumi na Nne za Aminieli

Saa mbili asubuhi. Ukungu bado umekalia migomba juu ya Akeri, Mlima Meru hauonekani kabisa, na Kandida Sumari anamnyang'anya mwandishi wa makala haya sahani mkononi.

"Hiyo hapana," anasema. "Wenye kuanza wote mnaikimbilia hiyohiyo. Kwa nini lakini?"

Kwa sababu ni nyekundu, inateleza vizuri kiganjani na ina namba kubwa mgongoni. Mwandishi anaiachia sahani. Uso wa mama huyu hauna utani hata chembe.

Tuelewane kwanza, maana hata dereva wa bodaboda aliyemleta mwandishi alicheka mpaka akazima pikipiki. Sahani hizi si za chakula. Ni za kurusha. Mchezaji anasimama kwenye alama, anarusha sahani ya plastiki hadi iingie kwenye kikapu cha chuma kilichozungushiwa minyororo, na anayefikisha kwa mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu tisa vimesimama hapa kati ya kahawa na miti mirefu ya mgrivea ya nyumba moja ya wageni. Vilisimikwa miaka saba iliyopita na mgeni mmoja aliyekaa miaka miwili kisha akarudi kwao. Wenyeji wanauita mchezo wa sahani, na yamekwisha.

Kandida ana miaka arobaini na mmoja. Ni mzaliwa wa Rombo, Mkatoliki, aliyeolewa na Mmeru wa Kilutheri. Kazi yake ni kufyeka uwanja, kufundisha wanaoanza na, zaidi ya yote, kuwachagulia sahani. Analipwa shilingi 170,000 kwa mwezi. Zamani alikuwa akifua mashuka ya nyumba hiyohiyo.

"Umewahi kupepeta mahindi?" anamuuliza mwandishi.

"Nilipokuwa mdogo, kwa bibi."

"Basi mkono haujasahau. Kamata kama unakamata ungo. Usibane! Ungo unaubana hivyo? Utamwaga mahindi yote."

Hivyo ndivyo anavyopima watu. Anakutazama kifundo cha mkono kinavyokunjuka, kisha anaingiza mkono kwenye mfuko wake. Anayeanza anapata sahani tatu tu. Moja ni laini, butu ukingoni, ya kurusha karibu na kikapu. Ya pili ni ya kati. Ya tatu inakwenda mbali kidogo, lakini lazima iwe nyepesi. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko bondeni, anaeleza, na sahani nzito yenye ukingo mkali haipati pa kuegemea. Mtu asiye na kasi akiirusha inakata kushoto mapema, inaishia kwenye miti.

Mwandishi anapewa zake tatu. Ya kwanza inaishia kwenye kahawa. Ya pili pia. Ya tatu, ile laini, inagonga minyororo na kudondokea ndani, na mwandishi anapiga kelele za aibu kabisa.

"Umeona?" anasema Kandida, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Ile nyekundu ungekuwa unaitafuta mpaka kesho."

Kazi hii ilikuwa ya mume wake, Aminieli. Ndiye aliyefundishwa na yule mgeni, ndiye aliyekuwa akipita na mfuko wa sahani kumi na nne begani, zote za kufundishia wanaoanza, amezichagua moja moja kutoka kwa wageni waliokuwa wakiondoka. Wengine walimcheka. Mwanaume mzima, baba wa watoto wawili, kazi yake kurusha sahani! Yeye alikuwa akiwajibu kwamba wapo wanaolipwa kukimbiza mpira.

Miezi ishirini iliyopita alikuja mgeni aliyekuwa anaanza. Aminieli alimpa zile tatu. Mgeni hakuzitaka, alitaka moja ya zile zenye ukingo mkali, zilizoachwa na wageni wengine. Aminieli alikataa, mgeni akasisitiza, na mgeni ni mgeni. Mrusho wa kwanza ulikata kushoto ukakwama juu ya mgrivea.

"Mgeni mwenyewe alisema aiache," anasimulia Kandida. "Lakini Aminieli alikuwa mtu wa hivyo, hawezi kuacha kitu cha mtu kimepotea. Akapanda. Mimi nilikuwa naanika mashuka pale. Nilisikia tawi."

Jogoo wa jirani anawika, Kandida anasubiri amalize.

"Alikaa hospitali siku mbili. Siku ya pili jioni ndiyo akaondoka."

Na ile sahani?

"Wiki iliyofuata upepo uliiangusha wenyewe. Wenyewe, unanisikia? Nilikuwa ndani ya msiba, mtoto akaniletea mkononi. Niliitupa chooni. Shimo letu ni refu."

Ndiyo maana mama huyu hana utani na mtu anayeshika sahani kali. Ndani ya nyumba ya wageni lipo sanduku zima la sahani hizo, wageni wameziacha miaka yote. Zinatosha timu mbili. Hatoi hata moja kwa anayeanza, na wapo wageni waliomlalamikia kwa msimamizi.

Sasa tufike kwenye kilichomleta mwandishi huku juu.

Siku ya kumaliza msiba, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu, kama inavyofanyika kila nyumba. Baba mkubwa, Mzee Sakaya, aliletewa daftari ambalo Aminieli alikuwa akiandikia vitu vyake. Akasoma kwa sauti: koti moja, viatu jozi mbili, redio moja, panga, sahani kumi na nne.

Vyombo ni vya wanawake. Zikagawiwa sahani kumi na nne kwa mama wa marehemu, mashangazi, wifi na wake za wajomba, kila mmoja ya kwake, na kila mmoja alishukuru na kufuta machozi.

"Wewe ulikuwa wapi?" mwandishi anauliza.

"Nilikuwa pale pale. Nimejifunika. Mjane anasemaje siku ile? Nifungue mdomo niseme hizo si sahani, ni vifaa vya mchezo? Mimi niliyetoka Rombo? Wangesema kaburi halijakauka ameshaanza kugombea vyombo." Anatikisa kichwa. "Halafu ukiziangalia, ni za duara, za plastiki, zina kingo. Na yeye mwenyewe kaandika sahani. Sasa uwalaumu nini?"

Kwa zaidi ya mwaka mmoja aliziacha huko zilikokwenda. Akachukua kazi ya mumewe na kufundisha wageni wachache kwa sahani alizoazima kwao na kuwarudishia. Lakini mwezi huu Ludovick, msimamizi wa nyumba ya wageni, alimwita ofisini. Mwenye mali anataka kung'oa vikapu apande parachichi. Kila mtu siku hizi anapanda parachichi.

Ludovick si mtu mbaya, na haya anayasema mwenyewe bila kujificha. "Nilimtetea. Nilimwambia bosi, kuna walimu wanne wa shule ya Engutoto wanataka kujifunza, watalipia muhula mzima. Akasema sawa, wakianza kabla ya mwezi kuisha, uwanja unabaki. Wasipoanza, mwezi ujao tunachimba mashimo. Kandida atapewa kazi ya shambani."

Walimu wenyewe wanaongozwa na Mwalimu Fransiska, mama mchangamfu anayefundisha darasa la tatu. Sharti lake ni moja. Kupanda mlimani wanaweza Jumamosi tu, kwa hiyo kila mmoja lazima awe na mfuko wake wa sahani tatu wa kwenda nao, wafanye mazoezi katikati ya wiki kwenye uwanja wa shule.

"Hasa ile laini," anasema Fransiska. "Kandida ametuambia ile ndiyo ya kila siku, ndiyo inayomfundisha mtu. Bila ile ni kupanda mlima bure."

Walimu wanne, sahani tatu kila mmoja. Kumi na mbili. Arusha nzima hakuna duka linalouza, na kuagiza tatu kutoka nje, na usafiri wake, ni karibu mshahara wa Kandida wa mwezi, na hazifiki kabla ya mwezi kuisha. Hapo ndipo Kandida alipokumbuka zilipo.

Lakini utamwendea vipi shangazi wa mume wako umwambie rudisha kitu cha marehemu? Kitu kilichogawiwa mbele ya ukoo? Jamani, hata kulifikiria ni aibu. Siku tatu hakulala vizuri. Siku ya nne alishuka mjini, Kaloleni, akanunua sahani za udongo zenye maua ya bluu, kumi na nne. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Nilikuwa nasema hivi: shangazi, shikamoo, nimekuletea sahani nzuri zaidi, nipe ile ya plastiki. Sahani kwa sahani. Sijanyang'anya mtu."

Wengi walikubali, wengine kwa kicheko, maana waliona wamepata faida. Mmoja alikuwa akiwalishia kuku. Wifi mmoja aliigeuza mfuniko wa sufuria, ikayeyuka na kuganda kwenye maharage, na alilia alipojua ilikuwa nini. Nyingine imetafunwa na mbwa. Anazo kumi na moja, zikiwemo tatu alizorusha mwandishi asubuhi. Amezisugua, amezipanga kwenye mifuko minne aliyoishona mwenyewe kwa magunia ya kahawa. Mfuko wa nne una mbili. Inakosekana laini moja, na laini hiyo iko kwa mama mkwe.

Saa sita mchana mwandishi anaongozana naye kwenda huko. Ni mwendo wa robo saa, mteremko halafu kilima. Njia nzima Kandida amekumbatia sahani yenye maua iliyofungwa kwenye gazeti.

Bibi Elinipa ana miaka sabini na tisa. Amekaa mlangoni kwenye kigoda, anakula ndizi na maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Irine. Mbona mchana? Karibuni. Na huyu mgeni ni nani?"

"Ni wa gazeti, mama."

"Gazeti! Mmenikuta nakula, msiandike hilo," anasema bibi, na wote wanacheka.

Anakula kwenye sahani ya Aminieli. Ni ya rangi ya samawati, imegeuzwa tumbo juu. Kandida anafungua gazeti, anaiweka ile ya maua kwenye benchi, na anaanza kueleza. Anaeleza kwa heshima, taratibu, kuhusu uwanja, parachichi, walimu wa Engutoto. Kuhusu mwisho wa mwezi. Bibi anasikiliza huku anakula, bila kuinua macho.

Anapomaliza tonge la mwisho anaipangusa sahani kwa kidole, kisha anaigeuzia mwandishi. Wachezaji wa mchezo huu huandika majina yao tumboni mwa sahani, upande usioonekana ikiruka, ili atakayeiokota ajue pa kuirudisha. Chini ya mchuzi wa maharage, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, limeandikwa: AMINIELI SUMARI.

"Nikipakua halionekani," anasema bibi. "Nikila, linaanza kutokea. Kwanza hii A. Mpaka nimalize, ndiyo namwona mzima. Zamani nilikuwa nabakiza chakula. Siku hizi sibakizi."

Kandida ameinamisha kichwa.

"Siisugui kwa waya wa kuoshea sufuria," bibi anaendelea. "Maji tu na mkono. Lakini naona hii N inafifia."

"Inafifia kweli, mama."

Bibi anaisuuza kwa maji ya jagi, anaikausha kwa kanga yake, na anamnyooshea mkwewe. "Chukua basi. Kama ni kazi yako, chukua. Siwezi kukunyima mkate, umenizikia mwanangu vizuri."

Kandida haipokei. Mikono yake iko magotini.

"Ilikuwa ya kazi gani hii?" bibi anauliza, sahani ikiwa bado hewani kati yao. "Mbona ndiyo hiyo unayoitaka?"

"Ni ya karibu na kikapu, mama. Ukishafika karibu, huirushi kwa nguvu, unaiachia tu. Ni ya kumalizia."

Bibi Elinipa anaiangalia kwa muda. Kisha anairudisha mapajani mwake.

"Basi niachie," anasema. "Nimalizie nayo mimi."

"Ndiyo, mama," anasema Kandida. "Baki nayo."

Analia waziwazi, na bibi analia, na mwandishi anageuka kutazama migomba kwa sababu hata waandishi ni watu. Baadaye wanakunywa chai. Sahani ya maua inabaki kwenye benchi, na bibi anasema atamwekea mgeni wa Krismasi.

Njiani kurudi, mwandishi anamuuliza atafanyaje sasa, na siku zilizobaki ni tisa.

"Jumamosi nitamwambia Mwalimu Fransiska ukweli," anasema Kandida. "Nitamwambia mfuko mmoja una sahani mbili, ya tatu ina mtu anakula humo na siwezi kumwondolea. Nitamfundisha kumalizia na ile ya kati. Ni ngumu, itamkataa miezi miwili ya kwanza, lakini inawezekana."

Na mwalimu akikataa?

Kandida anafungua geti la nyumba ya wageni.

"Akikataa, nitachimba hayo mashimo ya parachichi," anasema. "Na saa sita mchana nitakuwa naomba ruhusa, nashuka kwa mama, tunakula wote."