Ambrose Takataka

Kuna watu ambao Mungu aliwapa masikio mazuri, akasahau kuwapa mdomo wa kufanana nayo. Ambrose Lusweti ni mmoja wao. Kibanda chake kiko Kawangware 56, Nairobi, kati ya saluni na duka la misumari, na kimejaa santuri za zamani za vikundi vya wasichana: dada watatu wa huku, wanafunzi wanne wa misheni ya kule, mabinti walioimba kabla ya kuolewa na kunyamazishwa. Wateja wake huja na magari, wakanusa jalada, wakatamka "original" kama watu wanaosali, kisha wakaenda kuitundika santuri ukutani. Hata mashine ya kuzichezea hawana. Ambrose huwacheka wakishageuza mgongo, utadhani yeye ni bora.

Si bora hata kidogo. Akienda kununua kwa mama wa watu, hata salamu hazijaisha, huishika santuri kwa vidole viwili kama panya aliyekufa na kusema, "Aah, hii ni takataka." Ataitia kasoro mpaka mwenyewe aone haya kuwa nayo, kisha atajifanya kumwonea huruma na kuibeba kwa bei ya nyanya. Eti ndiyo biashara. Mtaani wakambatiza Ambrose Takataka, naye bila aibu akaona fahari.

Lakini kulikuwa na santuri moja aliyoitamani kwa dhati. Mabinti wa Makina walikuwa wasichana watatu wa Kinubi wa Kibera, walioimba nyimbo za harusi za kwao kwa ngoma na gitaa moja. Ambrose aliwasikia utotoni huko huko Kibera, mtaa wa Mashimoni, kupitia ukuta wa mabati wa jirani. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, akigumia mchana kutwa, na wimbo ulipoanza aliacha kugumia mpaka ukaisha. Ambrose hakuisikia tena sauti hiyo. Muuzaji mwenzake, Murunga, alimwambia mbele ya watu kwamba aliiota tu.

Mwezi uliopita akaelekezwa kwa Bi Saadia, mjane wa Kinubi anayeishi nyuma ya soko la Makina. Mezani palikuwa na bakuli jeusi lenye kingo za mawimbi, limejaa vitunguu. Mtu wa santuri angelitazama mara mbili. Ambrose hakulitazama hata mara moja, maana alikuwa akijitayarisha kuonekana amechoka.

Bi Saadia akafungua leso. Juu ya jalada walisimama wasichana watatu, wa katikati akicheka, mwanya wazi. Ndio hao, Mabinti wa Makina; nusura Ambrose aruke kwa furaha.

"Nasikia wewe umesikiliza nyingi," alisema Bi Saadia. "Watoto wangu hii hawaitaki. Niambie ukweli, mwanangu. Hawa walijua kuimba?"

Hakuuliza bei, aliuliza hilo tu. Neno moja la kweli lingetosha, na Ambrose alikuwa nalo tangu utoto. Lakini mdomo wake ulishazoea njia moja, kama punda wa kubeba maji.

"Mama, nisikudanganye. Hii ni takataka. Hawa walikuwa wanaimba ama wanaita mbuzi? Na huyu wa katikati ndiye mbaya kabisa. Lakini wacha nikusaidie tu, niibebe."

"Wa katikati?"

"Huyo huyo."

Bi Saadia akaifunika santuri kwa leso. "Haya. Ngoja nikuletee chai," akasema, akaingia jikoni na santuri yake.

Ambrose hakumfuata. Kanuni yake ni kwamba ukifuata mali kwa macho, bei inapanda. Akakaa mguu juu ya mguu, akiidharau dari, huku moyoni akimwona Murunga akimeza maneno yake. Akasikia maji yakichemka kwenye sufuria. Mpumbavu yule akafurahi kwamba chai iko karibu.

Bi Saadia akarudi na kikombe mkono mmoja na bakuli jeusi jingine mkono wa pili, linafuka mvuke, kingo zake bado laini. Akaliweka mbele ya mgeni, akalijaza njugu.

"Hivi ndivyo tunavyozifanya santuri mbovu," alisema. "Unailainisha kwa maji moto, unailaza juu ya sufuria iliyopinduliwa. Hii nilikuwa nimeibakisha. Miaka yote nikidhani tuliimba vizuri. Asante kwa kuniambia."

Hakuwa akimkejeli. Alimwamini. Akamtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mgeni, na Ambrose akauona mwanya, ule ule wa kwenye jalada.

"Mama," alisema, na safari hii bila kuigiza, "mlikuwa mnaimba vizuri. Mlimtuliza mama yangu."

"Usinionee huruma, mwanangu," alisema Bi Saadia, akimsogezea bakuli. "Kula njugu."