Namba Nilizobandika kwenye Ohinga

Kabla hamjasikia habari zangu kwa mwalimu, nikiri mwenyewe: mimi ndiye niliyebadilisha namba za mawe. Nilibandua vibandiko vya safu nzima na kuvibandika upya ovyo ovyo, nikajiona mjanja kuliko kidato cha tatu chote.

Kilichotutoa nyumbani ni mwaliko. Watafiti wa teknolojia na mafundi wa kukarabati urithi wangekutana kwenye ohinga moja, boma la kale la mawe matupu yasiyo na saruji, ambalo ukuta wake ulikuwa umetoa kitambi. Klabu yetu ya historia ilitakiwa kubandika namba kwenye mawe, kisha ukuta ubomolewe na kurudishwa jiwe kwa jiwe.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Migori kwa basi la shule. Mwalimu alituhubiria kuhusu urithi hadi Rongo. Aliyemsikiliza ni dereva tu, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Baada ya Rodi Kopany tuliacha lami, tukala vumbi.

Saa nne tulifika. Watafiti walikuwa hemani na soda baridi, wakionyeshana picha za ukuta uliokuwa nyuma ya migongo yao. Mafundi walikaa juani. Huo ndio ushirikiano tuliopandia basi. Fundi mkuu, Ouma, baba mmoja mwembamba, alikuwa akigonga mawe kwa nyundo ndogo na kutega sikio.

“Fundi, linakuambia nini?” nikamchokoza.

“Linauliza kama shule yenu inafundisha kazi ama kelele.”

Tulibandika namba, picha zikapigwa, mawe yakashushwa na kutandazwa kwenye nyasi. Wenzangu walipoenda kula, nikafanya yangu.

Saa nane ujenzi ulianza. Kiongozi wa watafiti, mama tuliyemwita Daktari, alisoma tableti akiwa hemani.

“Sitini na mbili, hapo.”

“Hili linacheza, Daktari. Si la hapa.”

“Kompyuta imepima kila pembe. Weka tu.”

Ouma akaweka, kwa uso wa mtu aliyeambiwa alishe ng'ombe nyama. Mimi nilikuwa nyuma ya basi, nacheka hadi machozi.

Saa tisa na nusu ukuta uliporomoka. Hakuna aliyeumia.

“Huyu fundi hatufai,” Daktari akasema. “Kesho naleta wengine kutoka Nairobi.”

Ouma akaanza kukusanya nyundo zake. Hapo kicheko kikaisha. Nikamwendea Daktari, nikamwambia yote, nikaomba msamaha. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaongeza, “Lakini fundi aliona. Wewe ulikuwa unaangalia tableti.”

Mwalimu alifumba macho. Daktari akatoka hemani, akaketi juu ya jiwe karibu na Ouma. Wakaanza upya: Ouma anagonga na kueleza, Daktari anarekodi. Mimi nilibeba mawe hadi mikono ikachunika.

Giza likiingia tulirudi Migori. Nilichojifunza ni kwamba mashine ya bei ya nyumba inaweza kudanganywa na mtoto mwenye kucha, mradi wenyewe wasimuulize fundi.

Nilimsimulia mama akipakua ugali, nikitarajia acheke.

“Msamaha ulimwomba nani?” akauliza.

“Daktari.”

Akaweka mwiko chini. “Nyathina, mwanangu, Daktari alipoteza mchana mmoja. Ouma alikuwa anapoteza kazi. Kesho unarudi huko, na hiyo nauli utaitoa kwa simu yako nikishaiuza.”