Njia ya Uani kwa Nesi

Mafundi wa kamera za ulinzi wamejaa siku hizi, kila mmoja na ngazi yake na shati lenye nembo. Lakini fundi aliyeanza na saa za ukutani, akaingia kwenye redio, akahamia televisheni za kisogo kirefu, kisha uzeeni akapanda ukutani kufunga kamera, mtaani kwetu ni mmoja tu. Tunamwita Bisibisi. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Bisibisi yake ndogo hukaa mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huweka kalamu, na akizungumza nawe huitoa akaanza kusafishia kucha bila kujijua.

Hakufundishwa na mtu. Alifungua saa ya baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, akachapwa. Akaifunga ikafanya kazi, akachapwa tena, maana sasa ilikuwa inagonga kengele na baba mtu alikuwa amezoea kulala. Alipofungua kibanda chake alikuwa na tabia moja iliyomtenga na mafundi wengine. Hakuuliza mteja, "Umeifanyaje?" Redio ikija imepasuka, imelowa, imekaliwa na mtoto, yeye aliifungua tu. Alikuwa akisema binadamu hana skrubu, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika naye. Kosa alilitafuta ndani ya kitu.

Nyumba tatu kutoka kibandani kwake aliishi Nesi, mkunga mstaafu. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu walipokewa na mikono yake, na hakuona haya kuwakumbusha. "Wewe usinitolee macho," angemwambia mtu mwenye mvi, "mimi nilikuona kabla mama yako hajakuona." Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ua wa michongoma, na katikati ya michongoma hiyo palikuwa na upenyo. Haukukatwa na mtu. Ulitobolewa na miguu ya Mama Cherehani, mshonaji, jirani wa upande wa pili, aliyepita hapo kila siku kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja na kikombe chake mkononi, bila hodi, akaingia jikoni, akajimiminia chai, akaanza maneno katikati kana kwamba jana hawakuagana. Zamani kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa na upenyo wa namna hiyo. Leo kuna kuta, na juu ya kuta kuna chupa zilizovunjwa, na watu wanauliza kwa nini hawajuani.

Nesi aliteleza barazani siku ya mvua akaumia goti. Mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi mji mwingine na kukaa ghorofa ya sita, akaja na kamera. Ikafungwa ukuta wa nyuma, ikitazama uani. Kitu chochote kikijongea, simu ya kijana inalia na kuandika kwamba kuna tukio. Wiki ya kwanza ililia mara mia na arobaini kwa siku.

"Mama, kuna nini uani?"

"Kuna upepo, mwanangu."

"Na sasa hivi?"

"Shuka nimeanika."

"Na hii tena?"

"Ni mimi, naenda kumwaga maji. Au nako niombe ruhusa?"

Kijana alicheka siku mbili za kwanza. Ya tatu hakucheka. Simu ilikuwa imelia mkutanoni mbele ya mkubwa wake wa kazi. Akamwambia mama yake kwamba kamera hii isipotulia, basi atakuja kumchukua wakaishi wote huko ghorofani, kwa sababu hawezi kumwacha peke yake bila kumwona.

Nesi akajikongoja na fimbo yake hadi kibandani.

"Bisibisi, nina mgonjwa."

"Yuko wapi?"

"Yuko ukutani. Akiona jani anapiga mayowe. Usipomponya, atakayebebwa ni mimi."

Alisema kama utani, lakini hakuondoka hadi fundi alipobeba ngazi.

Bisibisi alifanya kazi ile siku tatu, kwa raha ya zamani. Siku nzima ya kwanza hakugusa kitu. Alikaa kwenye kigoda na simu mkononi akitazama kile kamera inachokitazama. Akahamisha kamba ya nguo. Akafuta utando wa buibui uliokuwa umetandwa mbele ya kioo, ukimeta kwenye jua kila upepo ukipita. Akainamisha jicho lisione barabara wala mbingu. Akakata tawi. Akapunguza ukali wa kuhisi kutoka kumi hadi sita. Mia na arobaini zikashuka zikawa tisa.

Tisa zote zilikuwa Mama Cherehani. Amekuja na kikombe. Amesahau mkasi. Amekuja kuuchukua. Amekuja kuonyesha kola iliyomshinda.

Kijana akapiga simu. "Mzee, umefanya kazi. Ila huyu mtu wa kwenye michongoma?"

"Ni jirani."

"Namjua, kanilea. Lakini simu haimjui. Kila akipita moyo unaniruka."

Dawa Bisibisi aliijua. Unaizungushia njia ile mstari kwa kidole, kwenye picha, na kuiamuru kamera isihangaike na sehemu hiyo. Ni kazi ya dakika mbili. Ila mashine ilidai nywila, na nywila kijana alikuwa ameiandika kwenye daftari nyumbani kwake. Akaahidi kuituma jioni. Bisibisi alikuwa juu ya ngazi, kiuno kinamuuma, nyumba nyingine inamsubiri. Na hapo hapo Mama Cherehani akatokeza na kikombe chake.

"Mama, samahani," alisema toka juu, "kwa sasa ungekuwa unapita getini, kule mbele. Ukipita hapa simu ya kijana inalia, naye amechoka."

"Amechoka na nani?"

"Na hizo kelele."

Mama Cherehani akatazama ndani ya kikombe. "Nesi anajua?"

"Si ndiye aliyeniita? Anataka itulie."

"Haya, fundi."

Akageuka, akarudi alikotoka. Nesi alikuwa chumbani akijipaka dawa ya goti, hakusikia kitu. Jioni nywila ikaja, Bisibisi akaisoma, akaiacha. Kamera ilikuwa imetulia. Mtu ni rahisi kumrekebisha kuliko mashine. Mtu unamwambia mara moja tu.

Baada ya wiki mbili kijana alimwomba apite akague kumbukumbu za kamera, kwa sababu ukimya wenyewe ulianza kumtia shaka. Bisibisi akakaa kwenye kigoda kilekile, akarudisha siku nyuma. Alimwona Nesi akianika nguo. Siku iliyofuata alimwona Nesi akitoka na vikombe viwili, akikaa kwenye kizingiti cha jikoni akitazama michongoma, kisha akirudi ndani na vikombe viwili. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Siku ya nne alitoka na kimoja.

"Mama Cherehani mzima?" akamuuliza Nesi, ingawa jibu alikuwa nalo tayari.

"Nasikia ana sare za shule za kushona. Sijui nilimkosea nini. Na mimi sitambembeleza."

Bisibisi akamwambia yote, alivyosema na alivyojibiwa. Nesi hakumfokea, na hilo ndilo Bisibisi analolitaja kila mara anaponisimulia habari hii.

"Nilikuita utengeneze kamera," alisema.

Bisibisi akaizungushia njia mstari kwa kidole. Dakika mbili hazikuisha. Kisha akaenda upande wa pili, kwa kuzunguka barabarani, akamkuta Mama Cherehani kwenye cherehani yake. Mguu haukuacha kukanyaga.

"Mama, kosa ni langu. Nesi hakusema neno."

"Nimesikia."

"Njia iko wazi. Nimeiambia kamera isikuone."

Mguu ukasimama. "Isinione?" Akakata uzi kwa meno. "Miaka thelathini na mmoja, fundi, halafu nifurahi kwamba sionekani. Na yeye, wiki mbili nzima, ameshindwa kuja kuniuliza?"

"Goti, mama."

"Mdomo nao una goti?"

Alikwenda, lakini Jumapili, na kupitia getini. Alibisha hodi mara tatu. Alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi, viatu, na mkoba kwapani. Nesi akamkaribisha sebuleni, mahali ambapo wawili hao hawakuwahi kukaa, akamletea chai kwenye sinia.

"Za siku?"

"Nzuri. Goti?"

"Linajaribu."

Nusu saa ilipopita mgeni akasema, "Ngoja nisikuchoshe." Alirudi wiki iliyofuata, kisha baada ya wiki mbili. Hawakuwa wamegombana, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa kupatanishwa. Walikuwa wameanza kuheshimiana, na hakuna aliyejua namna ya kuacha.

Bisibisi alikuwepo siku Nesi alipompigia mwanawe. Alikuwa amejitia kuja kufuta kioo cha kamera.

"Njoo unichukue."

"Mama, mbona ghafla? Kamera si imetulia kabisa?"

"Ndiyo," Nesi alisema. "Imetulia kabisa."

Gari lilikuja Alhamisi asubuhi. Mama Cherehani alibeba begi hadi mlangoni mwa gari, akaliweka vizuri, akafunga kifungo kilichofunguka kwenye sweta la mwenzake kama mtu anayefunga kazi yake kabla ya kuikabidhi. Gari likaondoka. Jua lilikuwa kali, na Mama Cherehani alikuwa na viatu vya kubana.

"Mama, pita uani," Bisibisi alimwambia. "Ni karibu."

"Uani kwa nani?" alijibu, akashika njia ya barabarani.