Mtoto wa Nani, Siku ya Treni ya Kasai

Baba alitoka Kasai. Mama alizaliwa hapa hapa Katanga, kwa watu waliolima pale Kasungami kabla reli haijafika. Mpaka Katanga ilipojitenga na Kongo, tofauti hiyo ilikuwa mzaha wa mezani tu: baba akidai mama hajui kusonga bukari, ugali wa kwetu, mama akimjibu kwamba kwa mtu asiyejua kula, anamaliza sahani vizuri. Kisha watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa majumbani, na baba, seremala na shemasi wa kanisa letu, akakimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji. Tukamfuata.

Kambi ile naikumbuka kama ndoto ya alfajiri. Ni msimu wa baridi. Ukungu umelala chini, na vichuguu vikubwa kuliko vibanda vyetu vinaelea juu yake. Moshi wa kiwanda cha shaba unaacha uchungu ulimini. Mahali fulani watu wanaimba zaburi, siwaoni, nami sijui kama nimeamka.

Ikatangazwa treni ya kuwarudisha watu wa Kasai kwao. Baba hakuwa na pa kubaki. Mama naye hakuweza kwenda, maana mama yake alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Nilibaki mimi, mtoto wao wa pekee. Kwa watu wa baba, mtoto ni wa baba. Kwa watu wa mama, mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mjomba ndiye mwenye neno. Wazazi wangu walioana kanisani wakadhani mchungaji amelimaliza jambo hilo. Wapendanao hawaulizani maswali ya namna hiyo.

Mjomba alikuja na baiskeli yake kunichukua.

"Shemeji, mutoto iko wa mama. Kwetu ni vile tangu bankambo, babu zetu," alisema.

"Na kwetu iko wa baba yake," baba akajibu. "Lakini mbele ya yote iko wa Mungu. Yeye njo atachagua. Kama hanionyeshe kitu mpaka treni inafika, ninaenda na mutoto."

Mama aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Mungu alikupatia kichwa na kinywa! Chagua weye mwenyewe, usimutupie Mungu muzigo yako."

Baba hakukasirika. Aliinamisha kichwa akaanza kuomba, na jambo hilo likamchoma mama kuliko tusi. Mama alimpenda sana, nadhani ndiyo sababu alinuna vile.

Asubuhi ya treni niliamka mwepesi mno. Sauti zilinifikia polepole, kama kutoka ndani ya mtungi. Mama alinifunga mgongoni, nami nikawa na furaha, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshakua na hakuna aliyekuwa akinibeba tena. Mabehewa yalisimama katika ukungu. Watu walipanda na magodoro, na kuku, na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Mwanamume aliyekuwa akipima afya za wasafiri alinigusa paji la uso, akalikunja sikio langu, akatazama nyuma yake.

"Surua," akasema. "Huyu hapana kupanda."

Mjomba alitazama pembeni kwa adabu, lakini furaha haifichiki.

Nimezeeka nikigombana na Mungu juu ya upele ule. Wenzangu wa kanisani huniambia Yeye anayashika maisha yetu yote mkononi, na mimi naamini, hata siku ninazomnunia. Ila huwa nawauliza kwa nini mkono huo ulipita nyuma ya sikio langu. Wananiambia nisikufuru. Baba hakurudi, alizikwa Kasai, na kaburi lake sijaliona.

Siku ile alivua kofia mbele ya behewa, akaniwekea kiganja kichwani. Kilikuwa baridi, kikanipa raha. Alifumba macho.

"Asante, Bwana," akasema. "Nilikuuliza, umenijibu. Asante kwa..."

Midomo iliendelea kwenda bila sauti. Treni ikapiga honi, watu wakamwita kutoka dirishani, naye hakujongea. Machozi yalikuwa yanamfikia kidevuni. Mtu yule aliyeweza kuomba mpaka watoto wasinzie kanisani hakuweza kuimaliza sentensi ile.

Ndipo mama, ambaye hakuwa amesema naye neno tangu siku ya ugomvi ule, akaushika mkono wake pale pale kichwani pangu, akasema, "Amina."