Fimbo ya Chemchemi

Nilikuwa Bukavu, najaza bidoni, dumu langu la maji, binamu yangu Micheline aliponipigia simu kutoka Nyangezi: "Papa ametuacha asubuhi hii." Nilifunga bomba kwanza, ndipo nikalia. Baba yake, mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha kulifunga.

Tonton, ndivyo nilivyomwita mjomba, alilinda chemchemi ya kijiji. Kila alfajiri ya kiangazi alitumbukiza fimbo yake yenye alama za kisu ndani ya tangi, akapapasa palipolowa kwa kidole gumba, akajua kama kila nyumba itapata bidoni mbili au moja. Saa sita alilitia tangi kufuli mpaka saa kumi, ili maji yapande tena. Wanawake walimtania: "Papa, kumbe maji nayo inalalaka muchana?" Alijibu kwa sauti yake ya chini, bila kucheka: "Iko inalala, maman. Na weye, wakikuamusha unakuwaga muzuri?" Siku ya harusi ya Micheline, wapishi walishuka saa saba na masufuria matupu. Tonton aliketi juu ya kifuniko cha tangi, ndani ya suti mpya, akasali rozari hadi saa kumi. Mungu ashukuriwe, miaka yote ile chemchemi haikukauka.

Nilifika Nyangezi mchana uleule; tulipotaka kuuosha mwili wake ilikuwa saa saba. Mtu mmoja alichukua ufunguo wa tangi ukutani. Mjane wake akaurudisha. Tukasali, tukangoja. Saa kumi Micheline alishuka, akatumbukiza fimbo, akachota bidoni moja, fungu la nyumba yao siku ile. Tukamwosha kwa maji hayo. Kesho yake tukamzika.